Uzio wa Kijitoni

Emil Zabka alikuwa na miaka hamsini na saba, ng'ombe thelathini na wanane, wajukuu watatu na goti moja bovu. Lakini asubuhi ile ya mwezi Machi, alipofika mlangoni kwa Mwalimu Vlasta Kubicek, alivua kofia, akakung'uta buti mara mbili, akazikagua kucha zake. Kisha akaukumbuka umri wake, akairudisha kofia kichwani. Mlango ukafunguliwa. Akaivua tena.

"Umechelewa dakika nne," Mwalimu alisema. "Ingia. Usikae hapo, hapo ni pa paka."

Emil akakaa pengine, na paka akamtazama kana kwamba hapo napo ni pa paka.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa miaka kumi na tisa Emil alikuwa akikodi malisho ya Ladislav Kubicek, au Ladi, kaka yake Mwalimu: ekari mia tatu na ishirini za vilima vya nyasi, pampu moja ya upepo, na Kijito cha Bata Mzinga kilichopita katikati kikiyumba kama mlevi anayerudi kwake. Mkataba wao haukuwahi kuandikwa. Walishikana mikono siku moja nje ya kanisa, kila mmoja akaenda kula chakula chake cha mchana, basi. Uzio ukikatika, aliyetangulia kuuona ndiye aliyeutengeneza. Wakiuona wote wawili kwa pamoja, siku hiyo hautengenezwi, maana watakaa nyuma ya pikapu wapige soga mpaka jua liwe kali, waone afadhali kesho.

Novemba iliyopita Ladislav alifariki ghafla, akifunga lango la chini karibu na kijito. Hakuacha mke wala mtoto. Malisho yakamwangukia dada yake, na dada huyo alikuwa amefundisha miaka arobaini na mmoja katika shule ya chumba kimoja ya Nova Lhota. Katika nchi yetu ile ya Nebraska, kutoka kanisani mpaka barabara kuu, ilikuwa kazi kumpata mtu mzima ambaye hakujifunzia kusoma mezani pake. Hakuolewa. Akiulizwa sababu, alisema wachumba walikuja, tena wengi, lakini barua zao zilikuwa na makosa.

Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa na mgongo ulionyooka kuliko nguzo zote za Emil. Mezani alikuwa ameweka kahawa, sahani ya kolache, vile vimikate vya duara vyenye plamu katikati, na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono ule ule ambao zamani uliandika ubaoni.

"Soma," alisema.

"Nimeiona, Mwalimu. Iko sawa."

"Umeiona, hujaisoma. Soma kwa sauti."

"Macho yangu siku hizi, unajua..."

"Miwani imo mfukoni mwa shati lako. Wa kushoto."

Emil akavaa miwani, akakohoa, akaanza kusoma kidole kikitembea chini ya mstari. Uzio: vifaa vyote, yaani nguzo, seng'enge na misumari, ni juu ya mwenye shamba, kazi ya kutengeneza na kukaza ni ya mpangaji. Chumvi ya ng'ombe na madume ni juu ya mpangaji. Ng'ombe wataingia tarehe kumi na tano Mei na kutoka tarehe kumi na tano Oktoba, wala hawatazidi thelathini na wanane na ndama wao, "hata kama wa ziada ni mdogo na anasikitisha."

Akainua kichwa. "Mwalimu, hii ya kusikitisha imetoka wapi?"

"Nakufahamu, Emil. Darasa la tatu ulileta shuleni paka wanne ndani ya koti. Endelea."

Akaendelea. Pampu ya upepo: kitakachoharibika juu ya ardhi atakitengeneza mpangaji, kitakachoharibika chini ya ardhi atakitengeneza mwenye shamba. Mbaruti zote, yale magugu ya miiba, ziondolewe kabla hazijatoa maua.

Hapo Emil akaona mwanya. Alikuwa mtu wa kuona mianya; ndiyo maana shuleni alikaa benchi la mbele, si kwa akili bali kwa kulindwa.

"Hapa pa mbaruti hukuandika ni kazi ya nani," alisema. "Lakini tukifuata sheria ya pampu, shina liko juu, hilo ni langu. Mizizi iko chini. Hiyo ni yako."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani, kwa muda uliotosha kabisa kumvunja mtu.

"Vizuri sana," alisema. "Basi wewe utakata mashina, kila wiki, kiangazi kizima. Na mimi nitakaa barazani nisubiri mizizi ife kwa huzuni. Kunywa kahawa, inapoa."

Kifungu cha mwisho kilisema kwamba kila Jumamosi mpangaji atamletea mwenye shamba taarifa ya maandishi kuhusu ng'ombe, maji, majani na uzio.

"Ya maandishi?" Emil aliuliza. "Ladi nilikuwa namwambia tu."

"Ladi alikuwa na miguu. Alikwenda akaona mwenyewe. Mimi nyonga hii hainipandishi vilima vile. Wewe ndiye utakuwa macho yangu, Emil, na ninataka macho yanayojua kuweka nukta." Akamsogezea kalamu. "Kuna maswali?"

"Hakuna, Mwalimu."

Hapo wakatia sahihi. Mahali penyewe pa kuuliza, pale uzio unapokivuka kijito, hakuna aliyepataja. Kila mmoja wao alipafahamu vizuri kuliko mahali pengine popote katika shamba lile, na kila mmoja akajifanya amesahau.

Ng'ombe waliingia tarehe kumi na tano Mei, kama ilivyoandikwa. Jumamosi ya kwanza Emil alipeleka taarifa yake imekunjwa mara nne. Ilisema: "Ng'ombe wapo. Maji yapo. Majani yapo. Uzio upo."

Jumatatu ikarudi kwa posta. Wino mwekundu ulikuwa mwingi kuliko wino wa Emil. "Wapo wangapi? Wapo wapi? Wanafanya nini? Majani yapo kama yapo kanisani, au yapo kama yapo malishoni? Rudia."

Lorene, mkewe Emil, aliisoma akacheka mpaka akashika kiti. Akaibandika kwenye jokofu, kati ya picha za wajukuu.

"Toa hiyo," Emil alisema.

"Naitoa kwa nini? Miaka thelathini na minne nakuuliza habari za huko unanijibu 'zipo'. Leo nimepata mwenzangu."

Habari hazikai. Kufikia Jumatano, kwenye duka la vyakula vya mifugo wanaume walikuwa wakimwuliza kama ameshamaliza kazi ya nyumbani, na kama anaruhusiwa kutoka nje kucheza. Emil akavumilia. Lakini alikuwa na kiburi chake, na Jumamosi ya pili akakaa mezani saa nzima, ulimi nje kidogo ya meno. Akaandika kwamba ng'ombe wamegawanyika makundi mawili. Kwamba yule mwekundu mwenye pembe moja anawaongoza wenzake kwenye maji kila saa nne asubuhi na hapendi kutanguliwa. Kwamba majani ya upande wa kusini yamefika juu ya kifundo cha mguu, ya kaskazini bado. Ikarudi na masahihisho saba tu na swali moja: "Mwekundu huyu akitanguliwa hufanya nini?"

Ikabidi aende akaangalie. Akakaa juu ya kilima asubuhi nzima na chupa ya chai, akangoja. Akitanguliwa, yule mwekundu husimama akageuza uso, akajifanya tangu mwanzo hakuwa na kiu. Emil akaandika hivyo. Akagundua, na hakumwambia mtu, kwamba alikuwa akiisubiri Jumatatu.

Taarifa ya nne ilikuwa fupi. "Ng'ombe wote thelathini na wanane wapo kilima cha kati, ndama ni thelathini na saba, mmoja yuko kwangu anatibiwa jicho. Maji ni mengi. Leo dume mkubwa alikwama kati ya nguzo mbili za zamani akafanana na padre anayeshuka kwenye gari. Nikageuka nikamwita Ladi aje aone. Nilishamwita kabla sijakumbuka. Uzio wa kijitoni uko imara."

Hiyo ilirudi bila wino mwekundu. Neno "imara" tu lilikuwa limepigiwa mstari mmoja, kwa penseli, kama mtu aliyefurahi.

Sasa, ukweli ni kwamba Emil hakuwa ameuona uzio wa kijitoni kwa karibu tangu Novemba. Kila wiki alisimama kilimani, akatazama kule chini kwa darubini, akaona kitu kama nyaya, akaandika. Alijiambia ni goti. Na goti kweli lilikuwa bovu. Lakini goti hilo hilo lilimpandisha juu ya pampu ya upepo bila malalamiko.

Tarehe nane Juni mvua ikanyesha kutwa. Haikuwa mvua ya kubembeleza. Ilimwagika tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni, na Kijito cha Bata Mzinga, ambacho siku za kawaida kuku angevuka bila kulowa tumbo, kikajaa kikaanza kubeba magogo. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia kwa Emil.

Alikuwa Marvin Pospisil, jirani wa upande wa chini. Marvin ni mtu ambaye hupanda mahindi yake kwa mistari iliyonyooka mpaka ndege wanaona haya kutua.

"Emil," alisema taratibu, "una ng'ombe wangapi?"

"Thelathini na wanane. Kwa nini?"

"Mimi nimehesabu thelathini na sita. Wawili wengine pengine wamelala chini, wameshiba."

Emil na Lorene wakaenda mbio na pikapu mbili. Ng'ombe walikuwa wameshuka na kijito kama wasafiri, wakapita pale ambapo uzio ulikuwepo, wakaingia kwenye mahindi ya Marvin yaliyofika magotini. Yule mwekundu alikuwa katikati, akitafuna pole pole, na uso wa mtu aliyealikwa. Walihangaika saa mbili kuwatoa. Walipokuwa wanamalizia, gari la Mwalimu likafika, mwendo wa kinyonga, likasimama katikati ya njia kama kawaida yake.

Marvin akamwendea, kofia mkononi lakini shingo imeiva kwa hasira. "Mwalimu, kwa heshima zote, mimi sitanyamaza. Tazama mahindi yangu! Tazama!"

"Nayatazama, Marvin. Yanasikitisha. Niambie, nani aliliacha wazi lango la shule, nguruwe wa padre wakaingia wakala chakula cha mchana cha watoto wote?"

"Mwalimu, nilikuwa na miaka minane!"

"Na huyu mwekundu ana miaka mitano. Hajafika hata darasa lako." Akamgusa mkono. "Una haki, mwanangu. Emil atapanda upya kila mstari uliokanyagwa, leo hii, kwa mashine yake. Na mimi Jumapili nitaoka bata."

Marvin akatafakari. "Na kabichi chachu?"

"Nimewahi kukupa bata bila kabichi chachu?"

Basi, kwa Marvin yakaisha. Kwa wale wengine wawili ndiyo kwanza yakaanza.

Walisimama njiani, juu ya daraja dogo, wakitazama pale chini. Kati ya ukingo na ukingo hapakuwa na kitu. Nyaya zilikuwa zimeviringika kwenye mti mmoja kama sufi iliyochezewa na paka. Nguzo zilikuwa zimeshafika wilaya nyingine.

"Vifaa nitaagiza leo," Mwalimu alisema. "Kazi ni yako. Kifungu cha kwanza."

"Kifungu cha kwanza kinasema kutengeneza," Emil alijibu. "Kutengeneza ni kwa kitu kilichopo. Hapa hakuna kitu. Hapa ni kujenga, na kujenga hakukuandikwa."

"Ahaa. Darasa la nne ungesoma hivi ningekupa nyota." Akatoa kwenye mkoba karatasi, nakala aliyokuwa ameinakili mwenyewe, na Emil akayatambua maneno mara moja. "Na hii nani aliandika? 'Uzio wa kijitoni uko imara.' Imara, Emil! Nililipenda neno hilo. Nikalipigia mstari. Ulipoliandika, ulikuwa umesimama wapi?"

Emil akaona masikio yake yanawaka. Mtu mzima akishikwa kwenye uongo mdogo, hukimbilia hasira kubwa.

"Mwenye shamba anayetaka kujua shamba lake likoje, aende akalione," alisema.

Neno likatoka, halikuweza kurudishwa. Mwalimu akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akaingia garini. Ilimchukua muda mrefu kuligeuza gari lile kwenye njia nyembamba, huku na huko, huku na huko, na Emil alilazimika kusimama pale muda wote huo akijifanya anatazama mti.

Siku tatu zikapita. Ng'ombe walikuwa zizini nyuma ya nyumba ya Emil, wakila majani makavu ya mwaka jana na kulia. Ng'ombe sabini na kitu, wakubwa kwa wadogo, wakilia kwa pamoja, hufanya mtu asisikie hata mawazo yake, na labda ilikuwa heri. Mwalimu hakupiga simu. Emil hakupiga simu. Lorene alikuwa akipita kati ya jiko na dirisha bila kusema kitu, na kwa Lorene huko kulikuwa ni kupiga kelele.

Jioni ya siku ya tatu akaweka sahani mezani kwa kishindo. "Mwezi wa Juni," alisema. "Nchi nzima ni kijani, hata mifereji ya barabarani ina majani. Na ng'ombe wetu wanakula majani makavu. Mmoja ana miaka sabini na tisa, mwingine ana hamsini na saba, na ninyi nyote mmenuna kama mmenyang'anywa mpira."

"Yeye ndiye..."

"Sijauliza nani. Kula."

Asubuhi ya nne, jua halijakausha umande, Emil alipakia pikapu: nguzo sita za mwerezi, roli mbili za seng'enge, ndoo ya misumari. Vyote vyake mwenyewe. Alikuwa amepanga kuufunga uzio ule kimya kimya, aondoke, kisha Jumamosi aandike kwenye taarifa: "Uzio wa kijitoni uko imara," na asiongeze neno.

Alipofika darajani akakuta gari la Mwalimu, katikati ya njia. Ndani hapakuwa na mtu. Akashuka mteremko mbio, goti au si goti, maana mara ya mwisho aliposhuka mteremko ule mbio ilikuwa ni Novemba, na aliyemkuta chini hakuweza kuitika.

"Usikimbie, utaanguka," sauti ikasema. "Halafu tutakuwa wawili."

Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni mwa kijito, amevaa buti za kaka yake, tope limemfika magotini. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine kipande cha bati. Alikuwa wima kabisa, kama anasubiri darasa litulie.

"Umekaa hapo muda gani?" Emil akamwuliza akihema.

"Tangu saa kumi na mbili. Si vibaya. Nimeona korongo."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Simu iko garini. Na pia nilikuwa bado nimekukasirikia, ikabidi kwanza nimalize."

Emil akamshika kwapani, akavuta. Mwalimu akatoka, buti moja ikabaki. Emil akarudi kuivuta buti, naye akazama. Ikawa zamu ya Mwalimu, mwenye soksi moja imelowa, kumnyooshea fimbo. Walipokaa hatimaye kwenye majani makavu walikuwa wamefanana, tope tupu.

"Sikuwa nimeshuka huku," Emil alisema. "Ile taarifa. Niliiandika kutoka kilimani. Kwa darubini."

"Najua."

"Tangu nilipomkuta Ladi pale langoni, sijaweza. Nikifika kile kichaka, miguu inageuka."

Mwalimu akawa anang'oa tope kwenye sketi yake, kibonge kimoja kimoja. "Na mimi mkataba ule niliuandika mara tatu," alisema. "Kila nikifika kijitoni, nikaruka mstari. Nikajidanganya kwamba nimesahau. Mimi, kusahau!" Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, tope likabaki hapo. "Basi. Tumeshafika. Hebu nione umeleta nini."

Emil akapanda mpaka kwenye pikapu, akarudi na nguzo na seng'enge begani.

"Vifaa ni juu yangu," alisema Mwalimu.

"Na kazi ni juu yangu. Bati hilo ulikuwa unalifanyia nini?"

"Kazi."

Wakatazamana. Emil ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka vibaya, kama mtu anayekohoa, mpaka machozi yakamtoka, na Mwalimu akamwacha kwanza amalize.

"Seng'enge hizo zirudishe kwenye gari," alisema baadaye. "Uzio wa kijitoni haufungwi kwa seng'enge. Ukifunga kwa seng'enge unategea gogo. Kila mwaka mlikuwa mnafunga, kila mwaka unakatika, ninyi wawili, wanaume wazima. Nilikuwa nikimwambia Ladi, anasema Emil ndiye anayetaka hivyo."

"Mimi? Yeye ndiye aliyeniambia ni agizo la baba yenu!"

"Baba yetu angemchapa." Akanyoosha fimbo juu. "Tazama pale. Unaona nini?"

Emil akatazama. Kati ya miti miwili mikubwa, juu ya maji, kulikuwa na waya mnene wa chuma, umeota kutu, umezama kwenye magome. Miaka kumi na tisa alipita chini yake.

"Hapo tulitundika mabati, mimi na Ladi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Yananing'inia kwa minyororo kama pazia. Maji yakiwa kidogo, ng'ombe anaona ukuta. Maji yakijaa, pazia linainuka, magogo yanapita chini, na yakipungua linashuka lenyewe. Hulifungi chini. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanataka kulifunga chini."

Mwalimu alikuwa na mabati manane garini mwake, ya paa la banda la zamani la kuku. Minyororo ilikuwa garini mwa Emil. Wakafanya kazi mpaka mchana: Emil ndani ya maji na juu ya ngazi, Mwalimu ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akielekeza kwa fimbo.

"Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Shusha. Sasa umeshusha sana. Emil, darasa zima linakusubiri."

"Mwalimu, mikono yangu ni miwili tu."

"Hata Ladi alikuwa nayo miwili, na hakulalamika hivi."

"Ladi hakuwahi kupanda ngazi! Alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa wewe!"

"Kweli?" Mwalimu akatazama ndoo. Akatabasamu peke yake. "Ndiyo, alikuwa hivyo."

Walipomaliza Mwalimu akaomba kalamu, akaandika pembeni mwa ile karatasi ya mkataba, aliyokuja nayo mfukoni, akiwa ameiweka gotini: "Uzio wa kijitoni ni kazi ya wote wawili, siku moja, saa moja. Mwenye shamba atasimamia."

"Atasimamia?" Emil akauliza. "Ndiyo kazi hiyo?"

"Ngumu kuliko zote. Tia sahihi."

Ng'ombe walirudi malishoni jioni ile ile. Tangu hapo, kila Jumamosi Emil alishuka mpaka chini, akayagusa mabati kwa mkono, ndipo akaandika. Mwezi wa Julai mbaruti zilichanua mbili tu, na Mwalimu akadai ni kwa sababu mizizi ilikuwa imekata tamaa. Marvin naye alikuwa akija mara kwa mara kulitazama lile pazia, mikono nyuma, akisema halikunyooka sawasawa.

Agosti ilipofika katikati, mawingu meusi yakajikusanya alasiri upande wa magharibi. Emil alikuwa kwa Mwalimu, amepeleka mayai kutoka kwa Lorene. Ngurumo ya kwanza ilipolia, wote wawili wakainuka. Mwalimu alivaa koti la mvua la kaka yake, Emil akamfungulia mlango wa pikapu. Wakaegesha juu ya daraja, vioo vimejaa ukungu, wakangoja.

Kijito kilipanda kwa nusu saa. Maji yakawa ya kahawia, yakaanza kusukuma mabati, mabati yakatetemeka, yakainuka kidogo. Kisha gogo likaja, kubwa, refu kuliko gari, likizunguka. Emil akashika usukani kana kwamba anaweza kulikwepa.

"Litapita," Mwalimu alisema.

"Halitapita."

"Litapita, mtoto we, tulia."

Gogo likayagonga mabati kwa kishindo kilichosikika juu ya mvua. Pazia zima likainuka, likasimama karibu usawa na maji, minyororo ikilia. Gogo likapita chini yake, likafuatwa na matawi, ndoo ya mtu na kiti cha baraza. Kisha mabati yakashuka, moja baada ya jingine, yakakaa mahali pake. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wamesimama mvua ikiwapiga migongoni, yule mwekundu mbele, wakilitazama pazia. Hakuna aliyesogea.

Emil akauachia usukani. Mwalimu alikuwa amepangusa kioo kwa kiganja na bado ameegemeza paji la uso hapo, kama mtoto. Walikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Ghafla Mwalimu akaruka kitini.

"Mkate wangu!"

Walipofika, jiko lote lilikuwa moshi na paka amekimbilia barabarani. Mkate ulikuwa mweusi pande zote tano zilizoonekana. Mwalimu akaufungulia moshi madirisha, akachukua kisu, akaukwangua kwa subira mpaka akafika penye rangi ya kahawia, akakata vipande vinene, akavipaka siagi. Emil akala cha kwanza, akaomba cha pili. Mvua ikarudi taratibu juu ya paa, na Mwalimu akawa anamsimulia jinsi baba yao alivyowafundisha kutundika mabati yale, na jinsi Ladi alivyoanguka majini mara tatu siku moja, ya tatu akiwa hata hajapanda ngazi.

Simu ikalia. Alikuwa Lorene, akiuliza kama mumewe yuko hapo.

"Yupo," Mwalimu alisema. "Anakula mkaa. Nitamrudisha akimaliza."